Pengo la Hatua Nne

Mimi ni mwashi, kazi naifanya mwaka wa thelathini sasa, na ugonjwa wangu ni mmoja: siwezi kuona pengo kwenye ukuta nikapata usingizi. Marehemu baba, aliyenifundisha kazi, alikuwa akisema usipoziba ufa utajenga ukuta, tena akisema huku amenishika sikio. Kwa hiyo msinihukumu haraka.

Uwanja wetu mpya wa mpira ulichorwa na binti mmoja tuliyempachika jina la Bi Penseli, maana penseli haikutoka kwenye nywele zake. Kabla ya kuchora chochote alipita nyumba kwa nyumba huku kwetu bondeni na swali lile lile: mafuriko ya mwisho, maji yalifika wapi? Kwa mama yangu, ambaye nyumba yake ndiyo ya mwisho kabisa kando ya mtaro, alipiga mstari ukutani juu kidogo ya kitanda.

"Hapo hapo, mwanangu," mama akamwambia. "Nilikaa juu ya meza siku mbili kama sahani."

Mvua ya mitaa ya juu, kwenye nyua zilizosakafiwa na barabara za lami, haina pa kuzama. Yote hushuka kwetu. Bi Penseli akauweka uwanja katikati ya wa juu na sisi, umechimbwa kimo cha mtu kwenda chini, una ngazi za kukalia pande zote na ukuta wa kuuzunguka. Upande wa juu, barabara inapofikia, ukuta ulikuwa na pengo la hatua nne.

"Hapa linakaa geti gani?" nikamuuliza.

"Hakuna geti, fundi. Hapo yanaingia maji. Yakija yatakaa uwanjani, kisha yatatoka polepole kwa bomba. Mpira utasubiri."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. "Binti, maji hayajui kusoma ramani."

"Hayasomi," akasema. "Yanashuka tu. Mimi ndiye niliyeyasoma."

Majivuno ya vijana, nikajisemea. Wiki aliyosafiri, nikaliziba lile pengo. Sikutumwa na mtu. Nilipanga kozi saba za matofali, safu juu ya safu, zimenyooka kama uzi, nikarudi nyuma hatua tano nikazitazama kwa raha zangu zote.

Siku ya tatu, saa nane mchana, mbingu zikafunguka. Nilikuwa kwa mama nikimtengenezea bawaba ya mlango. Maji ya mtaro yalipanda mbio kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. Mara yakawa mlangoni, mara yakaingia ndani, yakanilowesha nyayo. Mama miguu haimbebi siku hizi. Nikainama nimbebe mgongoni.

"Unipeleke wapi?" akasema. "Na kwako si bondeni vilevile? Kaangalie huko juu kuna nini. Maji haya si ya kawaida."

Nikanyanyua macho kule juu uwanjani. Ukuta wangu ulikuwa umeyakinga maji yote ya barabarani, ukayageuza, ukayaelekeza kwenye mtaro wa mama yangu. Nilikuwa nimemfungulia mafuriko kwa mwiko wangu mwenyewe.

Nilimpandisha juu ya meza ile ile nikakimbia. Bi Penseli nilimkuta pale ukutani, ameloa chapachapa, viatu mkononi. Kumbe alikuwa amerudi na mvua. Akayatazama matofali, akanitazama mimi. Aibu niliyoiona siku hiyo sijawahi kuiona tena.

"Nyundo iko wapi, fundi?"

Nikaitoa kwenye kibanda chetu cha vifaa. Saruji ilikuwa haijakauka vizuri, ashukuriwe Mungu. Nilipiga pembeni, nikapiga tena, kozi ya juu ikaanguka, na maji yenyewe yakasukuma zilizobaki. Nikarukia ngazi za pembeni.

Sasa niwaambie nilichokiona, ingawa najua sitaweza. Mto mzima wa maji mekundu, uliokuwa unakwenda kwa mama, uligeuka. Uligeuka pale pale palipochorwa na penseli ya yule binti, kwa upana ule ule wa hatua nne. Ukashuka ngazi ya kwanza, ukaijaza, ukashuka ya pili. Majani yakazama, magoli yakabaki mabomba meupe yamesimama ndani ya ziwa. Watu wa juu na wa bondeni walitoka wakasimama ukutani. Mwili ulinisisimka. Nilijisikia mdogo, na nilifurahi kuwa mdogo.

Mtaro ukaanza kushuka, kidole kwa kidole.

Kesho yake nilirudi na mwiko, nikazipiga lipu kingo za lile pengo mpaka zikateleza kama ndani ya kikombe. Sijawahi kufanya kazi safi kuliko ile. Kisha nikamfuata Bi Penseli kwa mama. Alikuwa amepiga magoti, anapima alama ya maji: vidole vitatu tu kutoka sakafuni. Chini kabisa ya ule mstari wa zamani.

Nikauweka mwiko sakafuni. "Mama, hata hivyo vidole vitatu ni vyangu. Pengo nililiziba mimi."

"Nilijua tangu jana," mama akasema, bila kugeuka. "Ukuta ule niliuona asubuhi nikipelekwa kliniki. Nani mwingine hapa mjini anajenga ujinga ukanyooka vile?"

Bi Penseli akacheka mpaka penseli ikamdondoka kichwani. Nikaiokota, nikampa kwa mikono miwili.