Foleni ya Banda la Tatu

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, saa mbili na robo asubuhi, mpimaji wa maabara ya mifugo alikuwa akifika kwenye geti la shamba la bata na vijiti ishirini na vinne, vichupa ishirini na vinne na kisanduku cha barafu. Kijiti kilikuwa cha plastiki, chenye pamba kwenye ncha. Kimoja kiliingia kooni mwa bata, kingine nyuma. Kwa sababu ya kazi hiyo watu wote wa pale, kuanzia mlinzi hadi meneja, walimwita Mama Vijiti.

Shamba lilikuwa na bata elfu tisa katika mabanda manne. Mama Vijiti alipima kumi na wawili, na kwa miaka minne walikuwa wale wale. Walifugwa peke yao kando ya geti, kwenye kibanda chenye sakafu ya saruji, maji ya bomba na wavu hadi juu. Wafanyakazi waliwaita Wajumbe. Hawakuchinjwa wala hawakuuzwa. Kazi yao ilikuwa kupimwa, na walikuwa wameizoea kiasi kwamba wakimwona anavaa glavu tu, walijipanga wenyewe na kupanua midomo.

"Wanangu wangekuwa na adabu hii, nisingeitwa shuleni kila wiki," meneja alisema kila mwezi. Mama Vijiti alicheka kidogo kila mwezi, maana alikuwa na mashamba mengine mawili ya kuzunguka kabla barafu haijayeyuka.

Alijua. Kila mtu alijua. Bata mwenye mafua ya ndege mara nyingi haumwi. Anakula, anaogelea, anataga, huku virusi vimejaa kooni. Ndiyo sababu anapimwa badala ya kutazamwa tu. Kupima waliotengwa ni sawa na kupima ukuta. Lakini fomu ilisema bata kumi na wawili, haikusema wa wapi. Cheti kwamba shamba ni safi kilitoka, kikabandikwa getini. Na mwaka uliopita, alipomwomba meneja amtafutie binti yake kazi, meneja hakusita. Binti aliwekwa banda la tatu, kuokota mayai.

Jumanne moja, saa kumi na mbili asubuhi, Mama Vijiti alifungua mlango wa jikoni amwage maji, akakuta bata saba wamepanga foleni kutoka kizingitini hadi kwenye bomba. Walikuwa wametembea kilomita nne kutoka shambani, pembezoni mwa barabara, upande wa kushoto. Kila mmoja alivaa pete ya njano mguuni. Njano ilikuwa rangi ya banda la tatu.

Wa kwanza akapanua mdomo.

"Subirini," Mama Vijiti aliwaambia. Alizima jiko, akavaa barakoa, glavu na aproni ya plastiki, akawapima mmoja mmoja. Aliyemaliza alisogea pembeni, akasubiri wenzake bila kusukumana. Kisha wote wakaondoka. Aliosha kizingiti kwa dawa, akachoma glavu, akachemsha chai. Jioni binti yake alimwambia kwamba hesabu ya bandani ilikuwa sawa.

Jumatano walikuja thelathini. Ijumaa foleni ilipita nyumba ya jirani, fundi cherehani.

"Umefungua zahanati bila kututangazia majirani?" fundi cherehani aliuliza, akichungulia juu ya ukuta. "Wagonjwa wako wamenimalizia maua."

"Si wagonjwa. Hebu watazame."

Aliwatazama. Manyoya yalimetameta, shingo zimenyooka. "Basi wamefuata nini?"

"Majibu. Kuku wako waingize ndani, dada. Leo hii."

"Ndani wapi? Nilale nao?"

Jumapili, kabla ya chakula cha mchana, kuku wake wote saba walikufa, vichwa vimevimba, vishungi vimegeuka zambarau. Fundi cherehani hakulia wala hakulaumu. Alisimama na mkono mdomoni, akitazama nyumba za mtaa ule zilizobaki na kuku, moja baada ya nyingine, hadi ya mwisho.

Jumatatu Mama Vijiti aliziweka sampuli za foleni kwenye mashine kwa mkono wake mwenyewe, akakaa mbele ya kioo cha mashine. Sampuli safi huacha mstari umelala chini. Mistari hii ilipanda mapema, yote pamoja: virusi tele. Aliichapisha, akaipeleka kwa mkuu wa maabara, mtu mpole aliyekuwa na mmea mezani.

"Zimetoka wapi?" mkuu aliuliza.

"Jikoni kwangu."

"Jikoni si shamba, mama. Fomu inataka jina la shamba, namba ya banda na saini ya meneja."

"Wana pete za banda la tatu."

"Pete haitii saini."

"Kuku wa jirani wamekufa."

"Pole zake. Nao wana fomu?"

Mama Vijiti alivuta pumzi. "Na watu je? Wanaookota mayai mle ndani?"

Mkuu alimwagilia mmea wake. "Watu ni ofisi nyingine. Na ofisi ile haipimi mpaka ipate barua kwamba shamba lina ugonjwa. Shamba lina cheti." Akaweka chini kopo la maji. "Chenye saini yako."

Mama Vijiti alikwenda shambani mchana huohuo. Meneja alimsikiliza vizuri, kisha akaagiza daftari la geti. Mlinzi alilifunua. Malori yaliandikwa, wageni waliandikwa, hata fundi wa bomba. Hapakuwa na bata aliyetoka.

"Unaona mwenyewe," meneja alisema. "Wangu wapo ndani."

"Nifungulie la tatu nipime mia moja tu."

"Mama Vijiti, tumeishi vizuri. Binti yako namtazama kama mwanangu. Ukitaka kupima, Wajumbe hawa hapa."

Kumi na wawili walikuwa tayari wamejipanga, midomo wazi. Alikuwa na vijiti mkononi. Aliwapima, maana hakujua kufanya lingine akiona mdomo ulio wazi. Wote walikuwa safi. Alhamisi cheti kipya kilibandikwa juu ya kile cha zamani.

Jioni ile alimkuta binti yake barazani akisugua buti.

"Kesho huendi."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Unawahesabu kila siku."

"Mama, tuko kumi na wanane mle bandani. Nikibaki mimi, wengine je? Wana mama mpimaji?" Alimimina maji machafu. "Halafu hebu niangalie. Sina homa. Sikohoi. Nimekula sahani mbili. Naumwa mimi?"

Mama Vijiti alimwangalia. Macho yalikuwa meupe, ngozi inang'aa, shingo imenyooka. Hakuwa amewahi kumwona mwenye afya kama jioni ile. Hapo ndipo alipoketi kwenye ngazi.

"Bata nao hawaumwi," alisema.

"Basi usiku mwema," binti alijibu, akaanika buti zake.

Ijumaa alfajiri kitanda cha binti kilikuwa kimetandikwa. Mama Vijiti alifungua mlango wa jikoni. Foleni ilianzia kizingitini, ikapita bomba, ikapita nyumba ya fundi cherehani, ikakunja kona. Hakuna aliyelia. Alivaa barakoa, glavu na aproni, akaanza. Koo, nyuma, kichupa, namba. Koo, nyuma, kichupa, namba. Saa moja kasoro robo aliinua kichwa, akaona foleni iliyobaki hadi mwisho. Nyuma ya bata wa mwisho alisimama binti yake, na buti zake, na aproni ya kazi yenye utepe wa njano.

"Njoo mbele," Mama Vijiti aliita.

Binti alitikisa kichwa. "Nitasubiri zamu yangu. Hawa wamewahi."

Akasubiri. Mama Vijiti hakuruka bata hata mmoja, ingawa vichupa viwili vilimponyoka. Wa mwisho aliposogea pembeni, binti alipiga hatua moja, akapanua mdomo kabla hajaambiwa.

Kilibaki kijiti kimoja.

Alikizungusha kooni taratibu, kama alivyofundishwa, akahesabu hadi kumi. Akakitumbukiza kwenye kichupa, akaandika: mia moja arobaini na moja. Banda: la tatu. Kwenye nafasi ya dalili aliandika alichowaandikia wote waliotangulia: hana.

"Utapeleka kwa nani?" binti aliuliza.

"Sijui, mwanangu."

"Haya. Nachelewa."

Akajipanga nyuma ya bata, nao wakaondoka, upande wa kushoto wa barabara. Mama Vijiti alibaki mlangoni, kichupa kikiwa kwenye kiganja chake. Alipaswa kukiweka kwenye barafu mara moja. Bado kilikuwa na joto.