Anayefuata Nyuma na Taa

Mlango wa jikoni kwa Nzembi haukuwa umetiwa komeo tangu Kitavi atoke. Majirani wa pale Waithaka walimsema hadi wakachoka. "Mama, huku kuna wezi, usingizi unaupataje?" Naye huwajibu kwamba komeo limeshika kutu na fundi hajafika. Fundi mwenyewe hakuwahi kuitwa.

Kitavi alikuwa mjukuu wake. Alitoka kwa mlango huo jioni moja, haraka haraka, njugu zikiwa mfukoni kama kawaida yake, akamwita nyanya yake kwa kelele kutoka uani: "Susu, usifunge, narudi saa hii!" Hakurudi. Gari lilimgonga akivuka barabara pale Dagoretti Corner, na kilichorudi nyumbani ni shati na viatu.

Maneno yale ya uani Nzembi hakumwambia mtu, hata Mukai, dada yake Kitavi. Angeanzia wapi? Kwamba yeye, mtu mzima anayekaa kiti cha mbele kanisani, anaacha nyumba wazi kwa ajili ya mtu aliyemtupia udongo kwa mkono wake?

Sasa, Kitavi, Mukai na rafiki zao Shiru na Maina walikuwa na mchezo wao, nao waliucheza kwenye meza ya sebuleni kila Jumapili baada ya chakula. Haukuwa wa mpira wala karata. Mmoja anasimulia, wengine wanajibu. Kila mchezaji ana mtu wake ndani ya hadithi, na mtu huyo huanza akiwa hohehahe, halafu anapanda ngazi kadiri anavyoponea hatari, na dadu ndizo zinazoamua. Mukai ndiye aliyekuwa mwenye mchezo, msimulizi. Nzembi aliusikia wote kutoka jikoni, miaka na miaka, akichambua mboga. Alimjua mtu wa Kitavi, jina lake Muthiani, tangu alipokuwa anakimbizwa na panya hadi alipoweza kuangusha ukuta kwa bega. Aliijua pia namna Kitavi alivyosugua dadu yake nyekundu, ile ya pande ishirini, kwenye suruali kabla ya kuirusha: shwa, shwa, halafu tak! mezani.

Baada ya mazishi wenzake waliuliza kama Muthiani naye afe. Mukai alikataa katakata. Meza ile ilikuwa na sheria yake ya zamani: mchezaji asipokuwepo, mtu wake hafi. Anafuata nyuma ya wenzake, anabeba taa, hasemi. Basi Muthiani akawa anafuata nyuma.

Shida ni kwamba kundi lilikuwa limepungua, na kundi lililofika juu namna ile haliwezi kuokota mgeni wa ngazi ya kwanza. Adui wa huko juu angemmaliza kwa kumpumulia tu. Kwa hiyo Mukai, aliyekuwa akifanya kazi katika duka la kuchapisha huko mjini, nyuma ya Tom Mboya Street, akatengeneza watu wa tayari. Aliwachapisha kwenye karatasi ngumu, kila mmoja na nguvu zake kamili, wakisubiri yeyote atakayeketi na kuwavaa kama nguo ya dukani.

Wageni walikuja, lakini hawakudumu. Kijana mmoja, Ndambuki, alicheza vizuri hadi katikati ya pango, kisha akauliza, "Nani ananipumulia kisogoni?" Nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu. Jumapili iliyofuata hakupokea simu. Akaja Millicent, wa dukani kwa kina Mukai, naye akacheka mpaka wakati wa chai, akageuka ghafla na kusema anasikia harufu ya njugu. Huyo hata mwavuli wake aliuacha. Na ukifikiria, wote walikuwa wamekalia kiti kile kile, kiti cha mtu wa tayari, anayetembea hatua moja mbele ya mwenye taa.

Jikoni, Nzembi aliyasikia hayo mkono ukiwa juu ya kifuniko cha sufuria. Hakuogopa. Aliona wivu. Watu wa kuja tu wamempata Kitavi, na yeye anayelala na mlango wazi kila siku anapata baridi.

Basi Jumapili moja Mukai akaja jikoni, akasimama kama mtu anayetaka kuomba kitu kikubwa.

"Susu, Shiru anaenda Ujerumani Jumatano. Kazi ya unesi imeitika."

"Mungu ni mwema."

"Ndiyo, lakini ina maana leo ndio tunamaliza. Ni mlango wa mwisho. Na mlango wa mwisho unataka mtu wa kuushika, na hakuna mtu anakubali kukaa hicho kiti."

Nzembi akaendelea kupanga vikombe. "Na ukimaliza, Muthiani anaenda wapi?"

Mukai akaangalia sakafu. Alikuwa amekonda msichana huyu, macho yameingia ndani. "Ndio maana nataka kumaliza, Susu. Nimechoka kumtembeza."

Nzembi akajifuta mikono kwenye leso. Alisema atacheza, na Mukai akadhani ni kwa huruma. Haikuwa huruma. Alitaka kukaa kile kiti.

Mezani walikuwepo Shiru na Maina, marafiki wa tangu shule ya msingi. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati.

"Shosh ameingia!" Maina akampigia nyanya makofi. "Leo tumeisha. Atawalisha hao mashetani chapati."

"Wewe ndiye shetani wa chapati," Nzembi akamwambia. "Za asubuhi zilienda wapi?"

Mukai akampa karatasi yake. Ilikuwa ya mwanamke mlinzi, mwili kama gogo. Nzembi akaisogeza mbali na macho ili aione.

"Huyu ana mama?"

"Hana, Susu. Ni wa tayari."

"Watoto?"

"Hana mtu. Nimemtengeneza juzi."

"Na hizi nguvu zote alizipata wapi kama hajalelewa?"

"Hapo sasa!" Maina akalalamika. "Mimi nimehaso miaka, nimeng'atwa na kila kitu, halafu huyu wa juzi ana nguvu kuliko mimi. Hiyo ni haki, Shosh?"

"Nyamaza, acha Shosh ampe jina," Shiru akasema.

Nzembi akafikiri kidogo. "Peres."

"Peres gani?"

"Yule wa mlangoni kanisani. Anayekataa ukiingia na simu mkononi. Hapiti mtu."

Wakacheka wote, hata Mukai. Kisha Mukai akafungua kopo la dadu, akatafuta, vidole vikasita, akatoa ile nyekundu. Aliiweka mbele ya nyanya yake. Nzembi akaichukua na, bila kuwaza, akaisugua kwenye gauni. Shwa, shwa. Tak!

Kicheko kikakatika. Shiru alijishika mikono kana kwamba amehisi baridi.

"Kumi na nane," Mukai akasema polepole. "Peres anatangulia mbele ya taa. Mko ndani ya shimo la mawe. Mbele ni mlango wa chuma, nyuma ni giza. Giza lenyewe linatembea."

Wakaendelea. Nzembi alijibu kama alivyoulizwa: anashika ukuta, anapima sakafu kwa mguu, anamwambia Maina asikimbie kama mbuzi. Ila masikio yake yalikuwa nyuma. Kwanza hapakuwa na kitu ila mvua. Halafu, Mukai alipokuwa akieleza jinsi maji yanavyodondoka, kisogo cha Nzembi kikapata joto. Joto dogo, likaja, likaondoka, likaja tena. Na harufu ya njugu. Njugu za kukaangwa kwa chumvi, mbichi kidogo katikati, jinsi Kitavi alivyozipenda.

Hakugeuka. Alijua ukigeuka ni ukuta.

"Susu? Ni zamu yako."

"Naye yuko?" Nzembi akauliza. "Mwenye taa. Yuko nyuma yangu?"

"Yuko," Mukai akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

Walifika kwenye mlango. Peres akauvuta ukafunguka, na Mukai akaeleza sheria ya mwisho: kundi lipite, kisha mshika mlango aufunge, asimame upande wowote anaotaka, wa wenzake au wa giza. Giza likipita lote mlango ukiwa wazi, kila mtu ameisha. Mtu wa Maina akapita. Mtu wa Shiru akapita, mguu mmoja ukiwa umevunjika.

"Na Muthiani?" Nzembi akauliza.

Mukai akainamia ramani yake ya penseli. Uso wake ulibadilika. "Anafaa kuwa amefuata. Sheria ni anafuata." Akafuata mstari wa penseli kwa kidole. "Lakini amesimama. Yuko kule kwenye kona na taa."

"Nani amemsimamisha?"

"Sijui. Si mimi, Susu. Naona tu amesimama."

"Basi nashika. Mlango uko wazi mpaka aingie."

Shwa, shwa, tak! Peres alishika. Giza likasogea, likapitisha kidole kirefu mlangoni, likamjeruhi mtu wa Maina. Nzembi akarusha tena. Peres alishika. Giza likamfikia mtu wa Shiru.

"Shosh, mimi nimebaki na pumzi moja," Shiru akasema. Hakuna aliyekuwa akitania tena.

"Hajaingia."

"Shosh, aki, funga!" Maina alikuwa amesimama. "Tutaisha sote. Tumekaa kwa huu mchezo tangu form two, tusikufe mlangoni!"

"Nimesema hajaingia!" Nzembi akapiga meza, chai ikamwagika, na hapo ndipo wote walipoelewa kwamba nyanya hachezi. Mukai akaficha uso nyuma ya kikombe, akawa anakunywa ili asilie. Mvua ikakaza juu ya mabati. Nzembi aliinua dadu, na ile pumzi ikasogea kutoka kisogoni hadi sikioni.

"Susu, funga. Sirudi."

Ilikuwa sauti yake, na haraka yake ile ile ya uani. Nzembi akamtazama Mukai: kikombe kilikuwa bado mdomoni. Akamtazama Shiru, akamtazama Maina. Walikuwa wakiitazama dadu mkononi mwake, wakisubiri. Hakuna aliyesikia.

Akaweka dadu chini.

Akavuta pumzi kwa pua kama mtu anayesikiliza mtoto kama amelala. Kisha akaigusa ile karatasi ngumu.

"Umesema anaweza kufunga akiwa upande wowote."

"Ndiyo, Susu."

"Peres anaingia kule. Kwenye giza. Anauvuta mlango nyuma yake."

"Shosh, atakufa huko," Maina akasema.

"Hana mama wa kumlilia. Mukai, umesema mwenyewe, ametengenezwa juzi." Nzembi akaisukuma karatasi kwa Mukai. "Mwende ninyi. Mwende Ujerumani. Peres atakaa na yeye. Taa ikizima, angalau wako wawili."

Mukai aliweka kikombe. Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta, lakini alisimulia, kwa sababu ndiyo kazi ya mwenye mchezo. Akasema Peres anaingia. Akasema mlango ni mzito, unalia, unafungika. Akasema chini ya mlango kuna mstari wa mwanga wa taa, na unaona kwamba taa inasogea, inaenda mbali, na pembeni yake kuna nyayo nzito za mtu wa pili. Halafu akasema mwanga hauonekani tena.

Hakuna aliyeshangilia, ingawa walikuwa wameshinda.

Shiru ndiye aliyeinuka kwanza kufagia, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Alifika nyuma ya kiti cha Nzembi akasimama. "Maina, we ni mchafu sana. Umekula njugu ukatupa maganda hapa?"

"Mimi? Njugu zinanifurisha mdomo, si unajua!"

Wakayatazama yale maganda mekundu, membamba, yamelala kando ya ukuta. Shiru akaachia ufagio.

Nzembi akauokota. Alifagia taratibu, asiache hata moja, akayapeleka jikoni, akayapitisha kizingitini hadi uani, mvua ikayabeba. Akarudi ndani. Komeo lilikuwa kweli limeshika kutu, ule uongo wake wa kila siku ulikuwa umejigeuza ukweli. Akalipaka mafuta ya kupikia kwa kidole, akalisukuma, likakataa, akalisukuma kwa mikono miwili.

Mukai alikuwa amesimama kwenye mlango wa sebule. "Susu, unafunga?"

"Nafunga."

Komeo likaingia. Nzembi hakuondoa mkono. Alisimama hapo, sikio likiwa karibu na mbao, asikie kama kuna mtu atajaribu kusukuma kutoka nje. Alingoja mpaka mvua ikapungua. Hapakuwa na mtu.