Anayetoa Huonja Kwanza

Tamimu ananitia kichefuchefu, na sitalipaka jambo hili sukari. Ana ofisi mjini Kasulu, kiti cha kuzunguka, manukato yanayofika mlangoni kabla yake, na bango linaloahidi websaiti kamili kwa siku moja. Mimi nasoma koding hapo hapo Kasulu, mtaa wa pili, kwenye chumba chenye kompyuta zinazozima zikijisikia. Siku niliyompitia aliniambia koding ni ya watu wenye muda wa kupoteza; siku hizi unachukua websaiti iliyokwisha kutengenezwa, unaburuta picha kwa kidole, unabandika maneno, unaenda kula. Alisema hayo huku anachokonoa meno kwa kona ya kadi yake ya biashara.

Sasa huyo ndiye aliyechaguliwa na kina mama wa kikundi chetu cha asali kule Kibondo. Kulikuwa na mnunuzi, mama mmoja wa Mwanza, aliyeahidi kuchukua asali yetu yote ya msimu, ila sharti tuwe na websaiti ya kuagizia. Tukimkosa yeye, tunarudi kwa walanguzi na ndoo zao zisizojaa. Unamimina, unamimina, mlanguzi anaitikisa ndoo, anasema bado. Mama yangu mzazi alizimiminia ndoo hizo mpaka mgongo ukapinda.

Mimi nilikuwa nimewatengenezea ukurasa wangu, mstari kwa mstari, kwa vidole hivi. Jina la kikundi, picha ya mizinga yetu ya magome ikiwa juu ya mti, na mahali pa kuandika oda. Basi. Wakacheka, wakasema ukurasa huo unafanana na tangazo la msiba. Mmoja akanikumbusha kwamba kizuri chajiuza. Nikakunja uso, nikafunga kompyuta, nikasema haya, mleteni huyo bingwa wenu.

Bingwa akaleta kazi yake. Jamani! Mzungu mwenye kofia ya wavu anacheka na nyuki. Mizinga ya masanduku ya bluu ambayo hakuna mwenzetu hata mmoja aliye nayo. Maneno yanasema sisi ni timu ya wataalamu, na chini yake wateja wanatusifu, watu ambao hawajawahi hata kuzaliwa. Kina mama waliona maua yanasogea kwenye kioo wakapiga vigelegele. Mimi nilitazama mara moja, na sikuugusa tena ule uchafu.

Wiki zikapita, oda hakuna. Mama Vestina, mwenyekiti wetu, akasema labda mama wa Mwanza bado anajipanga. Sikutaka hata jina la kile kitu lipite kinywani mwangu.

Ndipo Tamimu akaja Kibondo kushukuriwa. Tulikaa uani kwa Mama Vestina, ikaletwa togwa. Mama Vestina akashika kikombe, akapiga funda moja, akampa mgeni. Tamimu akatazama ukingo, akatoa leso, akaufuta. Watu wote waliona. Nikamweleza kwamba huku kwetu anayetoa huonja kwanza, ili mgeni ajue anachopewa hakina ubaya. Akacheka, akasema alidhani anapewa makombo. Mtu mzima hovyo.

Mama Vestina hakukasirika, au hakuonyesha.

"Mwanangu," akamwambia, "na wewe umetuletea kitu. Onja."

Hakuelewa, ikabidi aelezwe: agiza asali, wewe mwenyewe, hapa hapa. Akachukua simu, akaandika, akabonyeza. Yakatokea maandishi ya kijani, asante, oda yako imepokelewa, na vigelegele vikapigwa. Simu ya kikundi ilikuwa mapajani kwa Mama Vestina. Tukaitazama. Togwa ikaisha, simu kimya. Tamimu akasingizia mtandao. Mama Vestina akamjibu kwamba ni mtandao huo huo uliosema imepokelewa.

Basi akaingia ndani ya mipangilio ya websaiti yake, na uso ukamshuka. Nikachungulia. Oda zetu zilikuwa zinakwenda kwa Stanislaus, muuza masofa wa Kasulu. Tamimu alimtengenezea Stanislaus websaiti mwaka jana, akaichukua ile ile, akabadilisha picha, akatubandikia sisi, na anwani ya oda akaisahau. Kujaribu hakujaribu hata mara moja.

Tulimpigia Stanislaus. Akasema kwa upole ni kweli, kuna mama wa Mwanza amekuwa akimwandikia kwamba anataka madumu ya asali. Alidhani amechanganyikiwa, akawa anafuta. Tukampigia mama wa Mwanza. Yeye hakuwa na upole. Alikuwa ameshachukua asali Tabora, na akatuomba tusimsumbue tena.

Hapo nikafunguka. Nilimwambia Tamimu kwamba anayeuza asichokionja ni sawa na muuza nyama asiyejua imechinjwa lini, nikamwambia na mengine ambayo siyarudii. Nilisikia raha, siwezi kudanganya. Kisha nikafungua ukurasa wangu wa msiba mbele yao wote, nikaagiza dumu moja. Simu mapajani kwa Mama Vestina ikalia. Oda iliingia bila jina la mteja, mahali fulani nilikosea, lakini iliingia. Nikawageukia kina mama kungoja vigelegele vyangu.

Hakuna aliyepiga. Mama Vestina alikuwa ananitazama mimi, si simu.

"Winifrida, na websaiti ya huyu uliionja lini?"

"Sikuionja, mama. Ilinitia kinyaa."

Akaweka kikombe chini.

"Huyu ameona kinyaa ukingo wa kikombe," akasema. "Ni mgeni, hajui. Wewe umezaliwa hapa."

Tamimu aliondoka bila kuaga. Kina mama wakaanza kuokota vikombe, na hakuna aliyenipa changu nikioshe.

Juzi walanguzi walikuja. Nilitoka Kasulu alfajiri nikaenda kusaidia, nikapewa dumu la Mama Vestina. Nikamimina lote. Mlanguzi akaitikisa ndoo, akachungulia ndani, akasema bado.