Wimbi la Bado Kidogo

Jumanne asubuhi, kabla ya kazi nyingine yoyote, Dada Jeli aliosha kofia tatu kwa sabuni ya watoto na kuzianika kwenye kamba juu ya sinki. Zilikuwa kofia za kitambaa chembamba, kila moja na vihisi sitini na vinne, na kila kihisi kilikuwa na tundu la kusuguliwa kwa mswaki mpaka jeli ya jana, ile inayounganisha vihisi na ngozi ya kichwa, itoke. Jeli ikikaukia humo, mawimbi ya ubongo hayasomeki vizuri. Huo ulikuwa mwaka wake wa sita wa uzamivu, na ni kuosha huko kulikompa jina. Hata mama yake akipiga simu ya ofisini ilimbidi amwulizie Jeli, kwa sababu jina alilompa yeye hakuna aliyelijua.

Siku hiyo palikuwa na jaribio la awali. Profesa alitaka kujua kinachotokea kichwani mwa mtu anaposubiri, na kabla ya kuwaita watu wa nje ilibidi mtu wa ndani akae kitini kwanza kuona kama mitambo imetulia. Mtu wa ndani alikuwa Jeli siku zote. Watu wa nje walihesabiwa kuanzia moja, kwa hiyo yeye alikuwa namba sifuri. Fundi wa maabara alikuwa amempeleka mkewe kliniki, hivyo Profesa mwenyewe ndiye aliyekaa kwenye mitambo. Jeli akavaa kofia, akajitia jeli kwa sindano butu mbele ya kioo, akaingia katika chumba kidogo cha kurekodi na kukaa akiutazama ukuta wa kijivu. Sauti ya Profesa ikaja kwenye kipaza sauti, ikisoma maelezo ambayo Jeli aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe.

"Tulia. Usipepese macho ovyo, usiume meno. Usiondoke mpaka nikuambie tumemaliza."

Baada ya dakika ishirini simu ya Profesa ililia, akatoka nayo nje. Hakurudi. Jeli alisubiri saa nzima, kisha akajivua kofia, akaosha nywele na kwenda kula.

Kesho yake Fundi alipofungua maabara alikuta skrini inachora mistari sitini na minne. Akachomoa waya, mistari ikaendelea. Akazima mtambo, skrini ikaendelea kuchora yenyewe. Jeli alipofika mlangoni akapiga chafya, na mistari yote ikaruka kwa pamoja. Jeli alipomsimulia ya jana, Fundi akalifungua daftari la hitilafu, akaandika tarehe, na mbele yake: Namba sifuri hajaambiwa amemaliza.

"Mwambie Profesa aseme tu," alisema, akitafuta mahali alipoweka kalamu ambayo bado alikuwa ameishika. "Neno lenyewe moja."

Profesa alikuja saa nne. Alisimama mbele ya skrini mikono ikiwa nyuma, akatazama kwa muda mrefu, na uso wake ukalainika kama wa mtu aliyekuja kumchungulia mtoto aliyelala. Kofia ilikuwa kambani, waya uko chini, na mistari ilikuwa safi kuliko yote aliyowahi kuiona tangu aanze kazi.

"Takwimu za namna hii hazipatikani mara mbili," alisema.

"Profesa, naomba uniambie tumemaliza."

"Bado kidogo."

Theluthi moja ya sekunde baada ya maneno hayo wimbi lilipanda katika mistari ya vihisi vya mbele ya kichwa, likafika kileleni, likashuka polepole. Profesa alimwomba Jeli arudie ombi lake. Jeli akarudia, akajibiwa bado kidogo, na wimbi likapanda tena pale pale. Walirudia mara arubaini. Saa sita mchana Profesa alimshukuru na kwenda kwenye kikao cha idara.

Ijumaa Jeli alifunga begi. Hospitali ya mji wa kwao ilikuwa imempa kazi ya kupima usikivu wa watoto wachanga, kwa kofia kama zile zile, ila ndogo za kuenea ngumi ya mtu mzima. Tasnifu angeimalizia huko huko, jioni, kwa mama yake. Aliitaka kazi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alivuka geti la chuo, akapiga hatua ya tatu, na akajikuta amekaa katika chumba cha kurekodi, kofia kichwani, jeli inamtiririka nyuma ya sikio, begi mapajani. Alijaribu geti la nyuma. Alijaribu ndani ya gari la takataka la chuo, akiwa amekaa kiungwana kando ya dereva. Kila safari ilimrudisha kwenye kiti.

Mlinzi wa geti alizoea upesi.

"Leo umefika wapi, dada?"

"Kwenye nguzo ya taa."

"Si haba. Jana hata mtaro hukuvuka."

Hosteli, mgahawa na duka la vitabu vyote vilikuwa ndani ya uzio, kwa hiyo maisha hayakusimama. Jeli aliendelea kuosha kofia. Aliendelea pia kuwasomea watu wa nje fomu ya ridhaa, na alipofika kwenye ule mstari usemao kwamba una haki ya kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, Fundi alikuwa akikohoa kidogo na kutazama dirishani. Mwishowe Jeli akaupeleka mstari huo kwa Katibu wa kamati ya maadili, mwanamke mpole aliyepanga mafaili yake kwa rangi.

"Lete fomu yako ya ridhaa nikujazie sehemu ya kujitoa," alisema Katibu.

"Sina. Namba sifuri hatujazi fomu."

"Basi hujaingia, mwanangu. Asiyeingia atatokaje?"

"Naweza kuijaza sasa hivi?"

Katibu akafungua mwongozo, akalowesha kidole, akapekua. "Mwanafunzi haruhusiwi kushiriki katika utafiti wa msimamizi wake," akasoma. "Hii ni kwa ajili ya kumlinda." Akamtolea nakala ya ukurasa huo, akaigonga muhuri na kumkabidhi kwa mikono miwili.

Katika mwezi wa pili wa kungoja huko mama yake alikuja. Alipanda ngazi hadi ofisini kwa Profesa amevaa viatu vya harusini, naye Profesa alimpokea vizuri mno. Alimpa kiti chenye mto, akamtilia chai mwenyewe, kisha akampeleka maabara kumwonyesha skrini. Mama alisimama akiitazama mistari ya mwanawe na kuuliza upi kati yake ni wa njaa, maana alimwona amekonda. Aliposhuka, Jeli alikuwa anamsubiri chini ya ngazi.

"Mwalimu wako ana adabu kwelikweli," alisema Mama. "Ameniambia mvumilivu hula mbivu. Nikamwambia zikivumiliwa sana huoza. Akacheka mpaka akashika meza."

"Na lile neno, Mama? Amelisema?"

Mama alifunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga tena. "Bado kidogo," alisema.

Huko juu wimbi lilipanda. Fundi alimweleza baadaye kwamba lilikuwa kubwa kuliko yote aliyoyaibua Profesa, na kwamba Profesa, aliyewasikia kupitia mlango ulioachwa wazi, aliandika pembeni ya takwimu: hupanda hata msemaji akibadilika.

Makala ilitoka katika jarida kubwa. Wimbi lilipewa jina la Profesa, na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, waandishi walimshukuru namba sifuri kwa subira yake. Wageni wakaanza kuja kutoka vyuo vingine. Walimsalimia Jeli kwa heshima, wakamwomba aombe kuachiliwa, na walipoona wimbi limepanda wakatikisa vichwa na kuandika. Hospitali nayo ikaandika. Walikuwa wamemshikia nafasi miezi mitatu, watoto wanazaliwa kila siku, na ifikapo mwisho wa mwezi huu wangemchukua mtu mwingine.

Aliyelijua wimbi lile vizuri alikuwa Fundi, kwa kuwa ndiye aliyeshinda nalo. Asubuhi moja, wakiwa wanasugua vihisi, alizima bomba ili asikike.

"Hili si wimbi la kusubiri," alisema. "Anayesubiri tu, mstari wake unapanda taratibu toka mwanzo. Wako unapanda ukishajibiwa. Unaambiwa bado, wewe unasikia kidogo. Ni tumaini hilo, binti yangu. Siku likikuishia, hana cha kupima. Atakuachia."

Jeli aliona ni kweli. Ndipo akaanza kukata tamaa.

Watu husema fulani amekata tamaa kana kwamba tamaa ni uzi, unaukata kwa meno ukaendelea kushona. Jeli alikuta ina mizizi. Begi alimpa msichana wa chumba cha pili. Barua ya hospitali aliichana, lakini maneno yake alikuwa ameshayahifadhi, kwa hiyo ilimbidi ayasahau moja moja, akianzia na salamu. Alimpigia mama yake simu, akamwambia chumba alichomwekea nyumbani akipangishe. Mama akauliza, "Na kitanda?" Jeli akasema na kitanda pia. Aliumia kwelikweli, na usiku huo hakulala, lakini kesho yake Profesa aliposema bado kidogo wimbi lilikuwa limepungua nusu. Wiki iliyofuata lilikuwa la kiasi cha chafya. Siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi, mstari wa mbele ulikuwa umelala chali.

Profesa alisema bado kidogo mara tano. Alibadilisha sauti. Alimwita Fundi aseme yeye. Kisha akavuta kiti, akakaa, na kwa mara ya kwanza Fundi akaona kwamba ni mzee. Ndani ya chumba cha kurekodi, kwa kuwa siku hizi alikuwa anakaa humo mwenyewe bila kuombwa, Jeli aliutazama ukuta wa kijivu wala hakuwaza kitu. Hakufurahi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, kutofurahi, naye alikuwa ameimudu. Kesho angeweza kupanda gari na kuripoti hospitalini keshokutwa asubuhi, lakini hilo hakuliwaza.

Kipaza sauti kikakwaruza.

"Basi," ilisema sauti ya Profesa, kwa upole ambao haukuwa wa utafiti. "Nadhani tunakaribia kumaliza."

Jeli aliliona geti, nguzo ya taa, na barabara iliyo mbele ya nguzo. Aliiona kofia ndogo mkononi mwake na kichwa cha mtoto kinachonukia poda. Aliwaza kwamba mpangaji atapewa notisi. Yote hayo yalichukua theluthi moja ya sekunde, na alijichukia kabla hayajaisha.

Kwenye skrini wimbi lilipanda hadi likatoka juu, na ikambidi Fundi apanue kipimo mara mbili ndipo kilele chake kionekane. Alifanya hivyo bila kugeuka kumtazama mtu. Profesa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena na kusogea karibu.

"Hili hatujawahi kulipata," alisema. "Tutalihitaji mara arubaini."

Akabonyeza kitufe cha kipaza sauti na kuvuta pumzi. Kabla hajafungua mdomo, mstari wa mbele ulikuwa umeshaanza kupanda.