Mke Hufuatwa Nyumbani

Cheruto alimwambia mama yake anakwenda Nakuru kununua dawa ya kupe. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu haikufika hata langoni: dawa ya kupe inauzwa palepale sokoni Olenguruone, na hakuna aliyewahi kuvaa rinda jekundu na viatu vya kisigino kwa ajili ya kuogesha ng'ombe. Mama alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akarudi kukamua.

"Haya, nenda salama," akasema.

Ukweli ni kwamba Cheruto alikuwa anamfuata mumewe, jambo ambalo aliapa hatalifanya.

Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu nyanya yake azikwe, yule waliyemwita Gogo, aliyemlea tangu akiwa mchanga. Siku ya mazishi ukoo mzima ulisimama kaburini, isipokuwa mumewe, Micah. Lori la viazi lilikuwa limefika Dundori, walikoishi, asubuhi hiyo, naye Micah akachagua viazi. Alituma mchango na salamu za pole kana kwamba aliyefiwa ni jirani wa mbali. Matanga yalipokwisha, Cheruto hakurudi Dundori. Hakutukana mtu. Alibaki tu kwa wazazi wake, akangoja kufuatwa.

Kwao, mke aliyekwenda kwa wazazi hajirudishi. Mume huja na wazee wake, huketi, huulizwa maswali, husemwa mpaka jasho limtoke, kisha hupewa mkewe. Mwanamke akirudi mwenyewe, kosa lote limekuwa lake.

Basi akangoja. Kila gari liliposimama langoni, aliacha maziwa yakafurika jikoni. Mbele za watu alijifanya jiwe, lakini alimtamani yule mwanamume mpaka akajionea aibu. Alitamani vidole vyake vyenye udongo usiotoka kuchani, na mluzi wake anapongoja chai. Alitamani hata kukoroma kwake, ambako kwa miaka sita hakukoma kulalamikia.

Wiki mbili kabla ya Valentine, Micah akamwandikia: "Jumamosi ya Valentine saa saba, ile hoteli yenye bustani kule Milimani, Nakuru. Nimelipia meza, iko kwa jina lako. Njoo tule, tuongee."

Cheruto alikasirika. Tangu lini mke akaitwa hotelini kama dalali wa viazi? Aliusoma ujumbe huo mara ishirini na hakujibu neno. Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na Jumamosi ilipofika kikohozi hicho kilimtoa kitandani kabla ya jogoo.

Saa saba kasoro alikuwa ameketi. Bustani ilijaa maputo mekundu na watu wawili wawili. Bendi ilipiga rumba chini ya hema, na harufu ya mbuzi choma ilitembea kila mahali. Mezani palikuwa na kadi yenye jina lake, na mbele yake kiti kitupu.

Saa saba ikapita. Saa saba na nusu. Alipiga simu, nayo ilikuwa imezimwa.

"Madam, nilete chakula ama tungoje mzee?" akauliza mhudumu, msichana mchangamfu aliyeitwa Joyline.

"Tungoje kidogo. Yuko njiani."

Mshereheshaji akachukua kipaza sauti na kuanzisha mchezo. Aliwaita mbele wazee wawili, Ogola na mkewe Akeyo, waliokuwa wameoana miaka arobaini.

"Mathe, mzee wako anaogopa nini?"

"Sindano!" akajibu Akeyo, na watu wakacheka.

Micah anaogopa bata bukini, Cheruto akajibu moyoni. Mwanamume mzima, akiwaona anapanda ukuta.

"Akikasirika anafanya nini?"

Anakwenda kupasua kuni ambazo hazihitajiki.

"Na akitaka kuomba msamaha?"

Micah hajui kuomba msamaha kwa mdomo. Hushika tu kazi yoyote iliyo karibu na mtu aliyemkosea, akaifanya kimya mpaka asamehewe. Lakini leo hayupo karibu na mtu. Cheruto alikitazama kile kiti kitupu. Amevunja desturi ya kwao, amemdanganya mama, amejipaka rangi ya mdomo, kumbe amekuja kuachwa mara ya pili.

Joyline alileta chakula bila kuulizwa tena, sahani mbili, kwa kuwa zilikuwa zimelipiwa mbili. Cheruto hakugusa. Alikuwa anafungua mkoba atafute leso ya kufutia macho, simu ikalia. Mama.

"Uko wapi, Cheruto?"

"Niko kwa duka la dawa, mama."

"Na hiyo muziki ni ya kupe?"

Mama akashusha sauti, kama mtu aliyejificha nyuma ya nyumba.

"Sikiza. Micah ako hapa. Amekuja na wazee watatu, wamezima simu zote kwa heshima. Anasema alingoja jibu yako mpaka jana jioni, ukanyamaza. Akajua wewe si mtu wa kuitwa kwa hoteli."

"Ako hapo? Kwetu?"

"Wazee wanakunywa chai na baba yako. Yeye hajaingia ndani. Ameshuka tu kwa gari akaomba jembe, akaenda kwa kaburi ya Gogo. Saa hii anapalilia. Ametoa koti."

Cheruto aliziba mdomo kwa kiganja. Machozi yalimtoka waziwazi, mbele ya maputo na watu wote, na hakujali. Alitamani kuwa amekaa pale langoni, na rinda lake kuukuu, amwone akishuka garini. Miezi mitatu alilinda lile lango, na siku moja aliyoliacha ndiyo siku aliyokuja Micah.

"Mama, mwambie naja."

"Mimi simwambii kitu! Nimesema umeenda mtoni. Mke anafuatwa akiwa nyumbani. Panda gari sasa hivi, uingie na mlango ya nyuma, utoe hiyo rangi ya mdomo, ufunge leso ukae jikoni. Wazee nitawaongezea chai hata kama ni sufuria tano. Na usikuje bila dawa ya kupe."

Simu ikakatika. Cheruto alicheka huku analia, akasimama, akafuta midomo kwa karatasi ya mezani.

"Joyline, nifungie chakula. Sahani zote mbili."

Joyline alikitazama kiti kitupu, kisha akamtazama yeye kwa huruma. "Pole, madam. Kwani mzee hakufika?"

"Alifika," Cheruto akasema, akivuta mkoba wake. "Ni mimi sijafika."