Jina Lako Katika Simu za Watu

Mama Yasini aliteremka ngazi akiwa ameishika simu yake kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya.

"Haji, hebu soma."

Nilivaa miwani. Namba nisiyoijua ilikuwa imeandika: Mahashi ya ghorofa ya tatu yanauzika, Ibtihali?

Hakuna mtu mtaani kwetu anayemjua kwa jina hilo. Hapa mjini Mahalla yeye ni Mama Yasini, mpangaji wetu, anayekunja wali ndani ya majani ya mzabibu, ndiyo mahashi hayo, na kuwauzia wanawake wa kiwandani wasio na muda wa kupika. Mimi na mke wangu Inshirahi ndio pekee tuliojua kwamba alimkimbia mumewe huko Asyut, na kwamba mume huyo, Shukri, aliapa mbele ya ndugu zake kuwa atamuua na kumchukua mtoto.

"Nilimpigia mama siku ya Idi, mara moja tu," alisema. "Nikajua wataipata namba. Lakini namba haisemi mtu anakaa wapi!"

"Inasema," Inshirahi alijibu.

Simu ya mke wangu ina ile programu ambayo mtaa mzima tunayo, ya kukuonyesha anayepiga ni nani. Ukishaiweka, inachukua majina yote uliyohifadhi na kumpa yeyote anayeuliza. Aliingiza namba ya Mama Yasini, majina yakashuka. Mama Yasini Mahashi. Mama Yasini ghorofa ya tatu. Mpangaji wa Haji Abdulmutalibu, Mahalla, nyuma ya kiwanda cha uzi.

Kwetu, mke wa mtu hahifadhiwi kwa jina lake. Ni aibu jina hilo kuonekana katika simu ya mwanamume mwingine. Kwa hiyo tunaandika ni mama wa nani, anauza nini, anakaa kwa nani. Kwa heshima hiyohiyo tulikuwa tumemwelekeza Shukri hadi mlangoni.

"Hilo la mwisho kaandika nani?" niliuliza.

"Mimi. Na usinitolee macho. Wewe mimi mkeo umeniandika 'Serikali'."

Tulikwenda polisi. Walituambia kwamba mume kumtafuta mkewe si kosa. Siku hiyohiyo tuliizima simu ya Mama Yasini, tukampandisha basi yeye na mwanawe, waende kwa binti yangu Sausani na mumewe Nuamani, mjini Dumyat.

Shukri alifika kesho yake baada ya alasiri, amenyoa vizuri, mkononi ana boksi la halua. Nilikuwa nimeketi mlangoni.

"Salamu alekum, ami. Nasikia hapa kuna mahashi."

"Aliyekuwa akiuza kahama."

"Kaenda wapi?"

"Wapangaji siku hizi hawaagi, mwanangu."

"Mzee, una ulimi wa wakili."

"Nimesoma," nilimwambia. "Shule ya usiku, lakini nimesoma."

Akatabasamu, akainua macho ukutani. Juu ya kichwa changu nilikuwa nimeandika kwa rangi nyekundu kwamba kuna vyumba vya kupanga, pamoja na namba yangu. Akaanza kuiingiza katika simu yake. Nilidhani ananipigia. Simu yangu haikulia.

"Haji Abdulmutalibu mwenye nyumba," alisoma. "Haji Mbishi. Ha! Majirani wanakupenda, ami." Kidole kikateremka. "Mkwe wa Nuamani, duka la samani, Dumyat."

Sijui uso wangu ulifanya nini, lakini yeye alikuwa ameacha kutazama simu, ananitazama mimi.

"Samani," alisema polepole. "Nami nahitaji kitanda."

Akaniwekea boksi la halua mapajani, akasimamisha teksi.

Nilimwita Inshirahi, akampigia Sausani na kunishikisha simu sikioni.

"Baba? Tunakula, kuna nini?"

"Mtoe hapo sasa hivi, na mtoto. Asiende kwa ndugu, wala kwa rafiki, wala kwa yeyote anayetufahamu."

"Basi nimpeleke wapi, baba?"

"Popote," nilisema. "Ila mimi usiniambie."