Mabuti ya Mzee Tokuzo

Usiku wa jana niliota sufuria yetu ya umeme ya kupikia wali ikiniita kwa jina.

"Tsusekire-san," ilisema. "Njoo jikoni."

Mimi naitwa Tusekile. Katika mji huu hakuna anayeweza kulitamka jina langu sawasawa, kwa hiyo sikushangaa sufuria ilipolikosea. Nilishangaa tu kwamba ilikuwa macho, maana tulikuwa tumeichomoa kwenye umeme.

"Nimeongea na mwenzangu wa kwa Bibi Kanamori," ikaendelea. "Anasema bibi bado anapika wali wa watu wawili. Anapakua bakuli mbili, anaziweka mezani, anaziangalia. Halafu hali kitu."

"Mwenzako amejuaje?"

"Ndiye anayerudishiwa wali."

Bibi Kanamori ni jirani yetu. Mimi kwetu ni Tukuyu, na kanisa langu limenituma kutumika huku kaskazini mwa Japani, kwenye mji mdogo ambamo wengi waliobaki ni wazee, na theluji ikianguka inafika madirishani. Ninaishi na mmisionari mwenzangu, Luzviminda, Mfilipino. Yeye hajui Kiswahili, mimi sijui lugha ya kwao, kwa hiyo hata chumvi tunaombana kwa Kijapani, tena kibovu.

Mume wa bibi, mzee Tokuzo, alikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji barabarani. Alifariki majani ya miti yalipoanza kuwa mekundu. Tangu hapo tumekuwa tukienda kupiga hodi. Bibi anafungua mlango upana wa kiganja, anasema, "Leo, kidogo…" na kuliacha neno likining'inia. Huku ndivyo watu wanavyokataa kwa adabu. Tunainama, naye anainama, mlango unafungwa.

Kwetu mwenye msiba hapigiwi hodi namna hiyo. Watu wanaingia, wanakaa. Jambo hilo lilikuwa likinikosesha raha kila nikirudi kutoka pale mlangoni.

Basi ndotoni nikamwamsha Luzviminda. "Sufuria inasema bibi hali."

"Kama sufuria imesema," akajibu, akavaa koti.

Nje kulikuwa mchana.

Utumishi wetu una kanuni. Moja ni kwamba mtu asiende popote peke yake. Lazima mwenzako awe anakuona na anakusikia. Nyingine ni kwamba usiende nyumbani kwa mtu bila kubeba ujumbe. Ujumbe wenyewe ni vipeperushi vichache kwenye mkoba, si kitu. Lakini jana ulikuwa mzito. Tuliubeba mmoja upande huu, mwingine upande ule, kama watu wanaohamisha kabati, na kila baada ya hatua chache Luzviminda alisema, "Tua kwanza, nibadilishe mkono."

Njia ya kwenda kwa bibi ilikatiza uwanja wa shule yangu ya msingi, Tukuyu. Theluji ilikuwa imelala juu ya michai. Sikuona ajabu. Niliona tu kwamba hawajaziba lile tundu kwenye ua.

Kwenye kona ipo mashine ya kuuzia vinywaji. Mashine hizi huwa zinakaribisha watu hata ukiwa macho.

"Karibuni," inasema. "Mnatafuta nini?"

"Neno," nasema. "La kumwambia mfiwa. Kwetu tunasema pole."

Mashine inawaza. Taa zake zinawaka moja moja, zinazima.

"Hilo hatuna. Linafanya kazi gani?"

"Linamwambia mtu kwamba umeona yaliyompata. Unampa mfiwa. Unampa mgonjwa. Unampa aliyejikwaa, na aliyetoka kazini."

"Neno lile lile?"

"Lile lile. Wakiwa wengi tunasema poleni."

"Mnajua kubana matumizi," inasema mashine kwa heshima. "Na hiyo huzuni ya bibi mnaihesabuje? Huku vitu bapa vina maneno yake ya kuhesabia. Vitu virefu vina yake, mashine zina yake, na wanyama wadogo wana yao."

Namtazama Luzviminda. Yeye ndiye hodari wa kuhesabu.

"Nadhani ni mnyama mdogo," anasema. "Unaona bibi anavyokaa? Kama mtu aliyelaliwa mapajani."

"Kama ni hivyo, msiifukuze," mashine inasema. "Wanyama wadogo hawapendi kelele." Halafu inatuangushia kopo la supu ya mahindi, ya moto, ambayo hatukuiomba. Luzviminda analiweka kifuani ndani ya koti.

Tukafika. Nikagonga. Mlango ukafunguka upana wa kiganja, na bibi akatoa nusu ya uso.

"Leo," akasema, "kidogo…"

Hapo hapo neno likashika kazi. Mlango ukaanza kunywea. Ukawa kimo cha mtoto, ukawa kimo cha kuku, mwishowe ukawa mlango wa ukubwa wa kiberiti, chini kabisa, na kitasa chake kama punje ya mtama.

Tulisimama tukiutazama.

"Amesema kidogo," Luzviminda akasema taratibu. "Hakusema hapana."

Sikuwahi kulifikiria hilo. Nikainama, kama inavyotakiwa mbele ya mtu mzima. Nikaona kwamba kila ninavyoinama napungua. Basi nikaendelea kuinama. Niliinama zaidi ya nilivyowahi kumwinamia mtu yeyote, hata askofu, mpaka nikawa sawa na kidole gumba, na chembe za theluji zikawa zinanipita kichwani kama mawe.

Mkoba ulikuwa umebaki juu, mkubwa kama jengo.

"Na ujumbe?" nikapaza sauti.

"Hauingii hapo," Luzviminda akasema. "Niachie mimi."

Akalala kifudifudi kwenye theluji, akaweka jicho lake mlangoni. Jicho likaujaza mlango wote.

"Nakuona," akasema.

"Unanisikia?"

"Nakusikia. Nenda."

Nikaingia mikono mitupu.

Mahali pa kuvulia viatu palikuwa na mabuti ya mpira, marefu kama minara ya kanisa. Huku mtu akivua viatu anavigeuza, vidole vielekee nje, ili akitaka kutoka avikute tayari. Mabuti haya yalikuwa yameelekea mlangoni.

"Umemwona mzee?" buti la kushoto likauliza.

"Mzee yupi?"

"Mzee Tokuzo. Theluji imejaa barabarani, gari halijapashwa moto, na yeye hajawahi kuchelewa kazini."

"Labda anakunywa chai," buti la kulia likasema. "Tumpe muda."

"Tumempa muda tangu majani mekundu," la kushoto likajibu.

Nikamtazama bibi. Alikuwa mbali, ng'ambo ya mikeka, ameketi kwenye ile meza yao fupi yenye blanketi pembeni na joto chini yake. Mbele yake bakuli mbili zilikuwa zimepoa.

"Hayajui," akasema. Aliongea polepole, ila nilimsikia vizuri. "Nimeshindwa kuyaambia. Kila asubuhi nayapangusa vumbi, nayaambia subirini kidogo."

"Pole, bibi," nikasema, kwa Kiswahili, maana lilinitoka.

"Yaambie wewe," akasema. "Kijapani chako ni kibaya. Pengine hayataelewa vizuri, hayataumia sana."

Nikaahidi kujaribu. Lakini kwanza nikavuka mikeka kwenda alipo, na kila hatua ikawa inanirudishia kimo changu. Nilipofika nilikuwa mtu mzima tena. Nikakaa. Hakuniambia karibu, wala hakuniambia ondoka. Tukakaa hivyo. Kwa mbali nilisikia Luzviminda akipumua mlangoni.

Nilikuwa natafuta neno lingine, kwa kuwa lile la kwanza nililitoa bila kujiandaa, ndipo blanketi la meza likainuka upande mmoja. Kikatokea kichwa chenye kitenge.

"Jamani, mbona mmewasha moto chini ya meza?" alisema Mama mdogo Ikupa. "Mtaungua."

Akatoka. Nyuma yake akatoka Shangazi Subilaga, akisaidiwa, kwa sababu ni mama mnene. Mwisho akatoka mama yangu mzazi, kandambili mkononi, miguu ina udongo wa kwetu.

"Tumechelewa, mwanangu," mama akasema. "Mvua ilituzuia. Msiba ni hapa?"

"Ni hapa, mama."

"Mfiwa ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Na anakaa peke yake?"

Mama hakungoja jibu. Walimsogelea bibi, wakakaa chini kumzunguka, miguu wameinyoosha, bega kwa bega. "Ndaga, mama, ndaga," walikuwa wakimwambia, ambayo ndiyo pole ya kwetu. Shangazi Subilaga akamwegemea.

Mimi sijawahi kumwona mtu akimgusa Bibi Kanamori. Nikaogopa. Bibi alikakamaa kama ubao, macho mbele. Kisha akashusha pumzi, na bega lake likamlalia shangazi.

"Marehemu alikuwa anaitwa nani?" mama akauliza.

"Tokuzo," bibi akasema.

Alilisema kwa shida, kama mtu anayechomoa mwiba. Nadhani alikuwa hajalitamka tangu mazishi.

Mama mdogo Ikupa hakuwahi kumwona mzee Tokuzo, wala theluji hakuwahi kuiona. Akaweka mikono kichwani, akaangua kilio.

"Tokuzo wee! Tokuzo, umeondoka, barabara umemwachia nani?"

Shangazi akapokea. Mama akapokea. Nyumba ile ya kunong'ona ikajaa kilio cha Tukuyu, na katikati yake nikasikia sauti nyembamba, ya kukwaruza, ambayo mwanzo sikuitambua. Alikuwa bibi. Alikuwa analia mdomo wazi, kama mtoto, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mlangoni, jicho la Luzviminda nalo lilitoa chozi, likafanya dimbwi.

"Samahani," buti la kushoto likasema. "Kwa nini wanalia jina la mzee?"

Nikainuka. Nakwenda pale, napiga magoti mbele yake. Najipanga. Tangu nifike nchi hii nimechanganya maneno ya heshima na ya utani, nimemwita mwenye duka bata, nimeomba radhi nilipotaka kushukuru. Safari hii nafungua mdomo na maneno yanatoka yamenyooka.

"Mzee Tokuzo amefariki," nasema. "Hatatoka tena."

Sikukosea hata silabi. Nilitamani ningekosea.

Nje, theluji ilidondoka kutoka kwenye paa, ikatoa kishindo.

"Na barabara?" buti la kulia likauliza.

"Inasafishwa. Yupo dereva mwingine."

"Anaijua ile kona ya hekaluni, panapoteleza?"

"Sijui."

"Apunguze mwendo pale. Mzee alikuwa anapunguza."

"Nitamwambia."

"Usisahau."

"Sitasahau. Poleni sana," nikasema, kwa wingi, kwa kuwa yalikuwa mawili.

Yakageuka. Yaligeuka polepole, mpira ukilia juu ya sakafu, mpaka vidole vikaelekea ndani. Halafu yakapanda, moja baada ya jingine, yakakanyaga mikeka. Kiatu kukanyaga mkeka ni jambo ambalo huku halifanyiki hata nyumba ikiungua. Bibi aliyaona. Aliyaacha yapite. Msibani wanaume hukaa upande wao, na kwa kuwa hapakuwa na mwanamume yeyote, mabuti yakaenda kukaa upande huo, yakaegemea ukuta.

Mama mdogo Ikupa akafuta uso kwa kitenge, akasimama.

"Haya," akasema. "Jikoni ni wapi?"

Nilikuwa nanyoosha mkono kumwonyesha nilipohisi mtu ananitikisa bega.

"Amka," Luzviminda alisema. "Theluji imeanguka usiku kucha. Tukamsafishie bibi njia kabla haijaganda."

Nilinawa, nikachukua koleo, nikamfuata. Ndoto sikumsimulia. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio, na theluji mpya ilikuwa imefunika ngazi za Bibi Kanamori zote. Tulianza kuikwangua kuanzia barabarani, bila kupiga hodi.

Hatujafika hata nusu, mlango ukafunguka. Ulifunguka wote, ukateleza kando mpaka mwisho wa reli yake. Bibi alikuwa amesimama na aproni kiunoni, macho yamevimba, uso umetulia kama wa mtu aliyelala vizuri.

"Pandeni," akasema. Ndivyo wanavyokaribisha wageni ndani, kwa sababu sakafu yao imeinuka.

Luzviminda alinitazama. Tukakung'uta theluji, tukapanda.

Bibi alitupeleka moja kwa moja jikoni. Kwenye sinia, kando ya sinki, vilikuwepo vikombe vingi vilivyooshwa na kufunikwa, vingine vya kauri nzuri, vya kutolea wageni.

"Sikumbuki kuvitoa," alisema. "Na kabati ni refu, sifikii tena. Nisaidieni kuvirudisha."

Tukaanza. Luzviminda alikuwa anafuta, mimi napanga juu. Kikombe kimoja nyuma ya sinia kilikuwa hakijaoshwa. Nikakiinua. Ndani kilikuwa na utando wa chai ya maziwa uliokaukia pembeni, na chini kabisa kipande cha tangawizi kilichopondwa.

"Mimi maziwa yananikataa," Bibi Kanamori alisema, akikitazama mkononi mwangu. "Tangu utotoni."

Nilifungua bomba, nikakisogeza kwenye maji.

"Hicho," akasema, "kiache kwanza."